Kuvimba na Kuvimbisha: Dawa ya Tezi Dume, Kongosho na Lugha ya Hatari

Utangulizi

Finasteridi ni mojawapo ya dawa zinazotumiwa sana duniani kutibu kukua kwa tezi dume miongoni mwa wanaume wa makamo na wazee. Kongosho ni kiungo kingine kabisa, kilicho mbali na tezi hiyo, lakini linapovimba kwa ghafla huweza kumwangusha mtu aliyeamka buheri wa afya na kumfikisha katika chumba cha wagonjwa mahututi. Je, dawa inayokusudiwa kutibu kiungo cha kwanza huweza kukidhuru cha pili? Swali hili limewahi kushughulikiwa na wataalamu wa tiba na, kwa mtazamo wa haraka, ni lao peke yao. Hata hivyo, jibu lake halimfikii mgonjwa kwa tarakimu bali kwa maneno. Humfikia kupitia kwa karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya kisanduku cha dawa, kupitia kwa mtangazaji wa redio, au kupitia kwa mjukuu anayemtafsiria babu yake. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia.

Makala haya yanalenga mambo matatu. Kwanza, yanaeleza dawa hii ni nini na kongosho huvimba kwa sababu zipi. Pili, yanachunguza namna wataalamu wanavyopima iwapo dawa fulani huleta madhara fulani. Tatu, yanatazama maneno ambayo Kiswahili kinayatumia kusimulia matokeo ya vipimo hivyo. Hoja kuu ni kwamba ushahidi uliopo hautoshi kusema kuwa finasteridi husababisha kuvimba kwa kongosho, na kwamba mwandishi au mfasiri anayepuuza tofauti iliyopo kati ya "husababisha" na "huhusishwa na" anaweza kumdhuru mgonjwa kuliko dawa yenyewe.

Majina na Utata Wake

Ni muhimu kuanza na majina kwa sababu baadhi yake yana utata. Tezi dume, ambayo baadhi ya waandishi huiita tezi kibofu, ni tezi ndogo inayokaribia ukubwa wa ndimu changa. Iko chini ya kibofu na inauzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kila mwanamume anayo. Pamoja na hayo, katika mazungumzo ya kila siku husikika watu wakisema kwamba mzee fulani "ana tezi dume", kana kwamba jina la kiungo ni jina la maradhi. Msemo huo unaunganisha hali mbili zilizo tofauti kabisa: kukua kwa tezi kunakotokana na umri, ambako si saratani, na saratani ya tezi dume. Finasteridi hutolewa kwa hali ya kwanza. Mgonjwa asiyetofanisha hali hizi mbili huanza kumeza dawa akiwa tayari amejawa na hofu.

Neno la pili lenye utata ni "uvimbe". Mtu akiambiwa ana "uvimbe wa kongosho", anaweza kuelewa kwamba kongosho lake limevimba na linauma kama kidonda, au kwamba kuna donge lililoota ndani yake. Maana ya pili humpeleka moja kwa moja kwenye fikira ya saratani. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia "kuvimba kwa kongosho" na kuliacha neno "uvimbe" lisimamie donge.

Neno la tatu ni "hatari", na pengine ndilo lenye uzito zaidi. Katika vibao vilivyobandikwa kwenye mitambo ya umeme, neno hili humwonya mtu asisogee: ukigusa utakufa. Katika taaluma ya takwimu za afya, neno hilohilo hutumiwa kwa maana ya uwezekano wa jambo baya kutokea, hata kama uwezekano huo ni wa mtu mmoja katika elfu kumi. Msomaji aliyezoea maana ya kibaoni akisoma kwamba dawa "huongeza hatari", huenda akaitupa siku hiyohiyo.

Dawa Ilivyopatikana na Inavyofanya Kazi

Historia ya finasteridi ina mafunzo yake. Mnamo mwaka 1974, mtafiti Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha katika jarida la Science maelezo kuhusu jamii moja ya Jamhuri ya Dominika. Huko kulikuwa na watoto waliozaliwa wakidhaniwa ni wasichana, lakini walipobaleghe miili yao ikageuka kuwa ya kiume. Ilibainika kwamba walirithi upungufu wa kimeng'enya kinachoigeuza homoni ya testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi iitwayo dihaidrotestosteroni. Jambo jingine lililoonekana ni kwamba tezi dume zao zilibaki ndogo hata walipokuwa watu wazima. Wanasayansi wa kampuni ya Merck waliona katika habari hiyo njia ya tiba: iwapo kimeng'enya hicho kitazuiliwa kwa mzee ambaye tezi yake inakua, huenda tezi hiyo ikapungua.

Hivyo ndivyo finasteridi ilivyoundwa. Mwaka 1992, mamlaka ya Marekani iliidhinisha kidonge cha miligramu 5 kwa jina la Proscar kwa ajili ya kukua kwa tezi dume. Mwaka 1997 kidonge cha miligramu 1 kikaidhinishwa kwa ajili ya upara wa wanaume. Dawa hii hupunguza kiwango cha dihaidrotestosteroni katika damu kwa takribani asilimia 70. Tezi husinyaa polepole, na huenda mgonjwa akahitaji kuimeza kwa miezi sita au zaidi kabla ya kuona nafuu kamili.

Manufaa yake yamepimwa. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1998, wanaume 3,040 wenye tezi zilizokua walifuatiliwa kwa miaka minne. Baadhi walipewa finasteridi na wengine kidonge kisicho na dawa. Miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, 7 katika kila 100 walifungika mkojo kwa ghafla, ilhali miongoni mwa waliopewa finasteridi walikuwa 3 katika kila 100. Waliohitaji upasuaji walikuwa 10 katika kila 100 upande mmoja na 5 katika kila 100 upande wa pili. Kufungika mkojo si jambo dogo. Mgonjwa hujaa maumivu, hushindwa kukaa wala kulala, na hupata nafuu tu anapowekewa mpira wa kutolea mkojo hospitalini. Takwimu hizi zinafaa kukumbukwa, kwa kuwa zitahitajika tutakapopima upande wa madhara.

Madhara yanayotajwa katika maelezo rasmi ya dawa hii ni pamoja na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, kushindwa kusimika, kupungua kwa shahawa, kuuma au kukua kwa matiti, vipele na huzuni nzito. Kuvimba kwa kongosho hakumo katika orodha hiyo.

Kongosho na Sababu za Kuvimba Kwake

Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula, na urefu wake ni kama sentimita 15. Lina kazi mbili. Hutoa insulini inayodhibiti sukari katika damu, na hutengeneza vimeng'enya vinavyosaga chakula katika utumbo mwembamba. Vimeng'enya hivyo huundwa vikiwa vimelala. Huamka vifikapo utumboni. Vikiamka mapema vingali ndani ya kongosho, huanza kulisaga kongosho lenyewe, na hapo ndipo kiungo huvimba.

Dalili kuu ni maumivu makali ya sehemu ya juu ya tumbo, ambayo mara nyingi hupenya hadi mgongoni na kuandamana na kichefuchefu na kutapika. Kwa mujibu wa vigezo vilivyorekebishwa mwaka 2012, daktari huthibitisha ugonjwa huu akipata mambo mawili kati ya matatu: maumivu ya aina hiyo, kupanda kwa vimeng'enya vya lipesi au amilesi katika damu hadi mara tatu au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, na picha inayoonyesha kongosho lililovimba.

Visababishi viwili vinavyoongoza katika nchi nyingi ni vijiwe vya nyongo na unywaji wa pombe kupindukia. Kisha hufuata mafuta mengi mno katika damu, majeraha ya tumbo, baadhi ya maambukizi na hitilafu za kurithi. Dawa nazo zimo, lakini kwa kawaida hukadiriwa kuwa chanzo cha visa visivyozidi 5 katika kila 100. Idadi ya dawa zilizowahi kutajwa ni kubwa sana, inapita mia moja, ila zilizothibitishwa kikamilifu ni chache.

Kati ya hizo chache, mfano wa wazi ni didanosini, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991 na ambayo sasa imeachwa. Hakuna aliyebishana kuhusu dawa hiyo. Visa vilijitokeza tangu katika majaribio, vingine vya kifo. Kipimo kilipoongezwa, visa navyo viliongezeka. Na onyo likawekwa katika sehemu ya mbele kabisa ya maelezo yake. Azathioprini, inayotuliza kinga ya mwili, na asidi ya valproiki, inayotumiwa kutibu kifafa, nazo ziko katika kundi hilo. Je, finasteridi inafanana nazo?

Kutoka Sadfa hadi Usababisho

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo inafaa katika siasa za kijiji, lakini katika sayansi ya dawa ni mwongozo mbaya. Habari kwamba mzee fulani alimeza finasteridi na baadaye kongosho lake likavimba ni mwanzo wa uchunguzi, wala si mwisho wake.

Hesabu ndogo itasaidia. Katika makadirio ya kimataifa, kuvimba kwa ghafla kwa kongosho huwapata watu 30 hadi 40 katika kila 100,000 kwa mwaka. Tuchukue 30. Tuseme wanaume 10,000 wanameza dawa isiyogusa kongosho hata kidogo, na wanaimeza kwa miaka saba. Katika kipindi hicho, wanaume wapatao 21 miongoni mwao watapata ugonjwa huu hata hivyo, kwa sababu zao nyingine. Kila mmoja wao anaweza kusema kwa haki kwamba aliugua baada ya kuanza dawa. Kila mmoja atakuwa amesema kweli kuhusu wakati, na amekosea kuhusu chanzo.

Hesabu hiyohiyo inatutahadharisha upande wa pili. Katika utafiti wa wanaume 3,040 uliotajwa, karibu nusu yao walipewa finasteridi kwa miaka minne. Kwa kiwango cha 30 katika kila 100,000, visa vya kutarajiwa katika kundi hilo ni viwili hivi. Hata kama dawa ingeongeza uwezekano huo mara mbili, vingekuwa vinne, na tofauti ya viwili na vinne inaweza kuletwa na bahati tu. Kwa hivyo kutokutajwa kwa kongosho katika majaribio hakuthibitishi kwamba dawa haina lawama. Kunathibitisha tu kwamba, kama lawama ipo, ni ndogo.

Ili kuziba pengo hilo, watafiti hutumia kumbukumbu za watu wengi. Mfano mzuri ni Taiwan, ambako bima ya afya ya taifa ilianzishwa mwaka 1995 na kumbukumbu zake zimetumiwa kuchunguza uhusiano wa dawa mbalimbali na kuvimba kwa kongosho. Mtafiti huwachukua watu waliougua, akawatafutia wenzao wa umri na jinsia sawa ambao hawakuugua, kisha akalinganisha: ni kundi lipi lilitumia dawa inayochunguzwa kwa wingi zaidi?

Njia hii ina nguvu, lakini ina mitego. Anayemeza finasteridi kwa kawaida ni mzee. Vijiwe vya nyongo huongezeka kadiri umri unavyosonga. Mzee huyo huenda pia anameza dawa za shinikizo la damu au za kisukari, na baadhi ya hizo zimetajwa katika orodha ya dawa zinazoshukiwa. Isitoshe, kumbukumbu za bima hazionyeshi vizuri ni nani anayekunywa pombe na kwa kiasi gani. Mtafiti asipoyatenga mambo haya yote, finasteridi itaonekana imesimama mahali pa tukio, kama mpita njia anayekamatwa kwa kuwa alikuwa karibu na duka lililoibiwa.

Wataalamu basi hutafuta alama nyingine kabla ya kuihukumu dawa. Je, visa huongezeka kipimo kinapoongezwa? Je, mgonjwa hupona dawa inapoondolewa, na huugua tena inaporudishwa? Je, tafiti za nchi tofauti zinakubaliana? Je, inajulikana jinsi dawa inavyoweza kulifikia kongosho na kuviamsha vimeng'enya vyake? Didanosini iliacha alama za namna hiyo bila ya kificho. Finasteridi haijaonyesha mkusanyiko wa alama kama hizo, na hakuna njia ya kibayolojia iliyothibitishwa ya kuiunganisha na kongosho. Ndiyo maana jibu la sasa ni kwamba shaka inaweza kuwepo, lakini hukumu haipo.

Mizani ya Manufaa na Madhara

Tuseme, kwa ajili ya hoja tu, kwamba dawa hii ingeongeza uwezekano wa kuvimba kwa kongosho kwa nusu nzima. Gazeti lingeweza kuandika kwamba "dawa ya tezi dume huongeza hatari kwa asilimia 50", na maneno hayo yangekuwa sahihi. Hata hivyo, asilimia 50 ya 30 ni 15. Wagonjwa wangetoka 30 hadi 45 katika kila 100,000 kwa mwaka. Katika miaka minne, wangeongezeka watu 60 katika kila 100,000.

Sasa tuweke manufaa katika mizani hiyohiyo. Waliookolewa na kufungika mkojo katika miaka minne walikuwa 4 katika kila 100, yaani 4,000 katika kila 100,000. Sitini dhidi ya elfu nne. Magonjwa haya mawili hayalingani kwa uzito, kwa kuwa kongosho lililovimba huweza kuua, lakini msomaji aliyepewa idadi zote mbili anaweza kupima mwenyewe. Aliyepewa "asilimia 50" peke yake amenyang'anywa mizani.

Lugha ya Karatasi ya Dawa

Kiswahili kina zana za kuzihifadhi tofauti hizi, tena zana za ndani ya sarufi yake. Ya kwanza ni kauli za vitenzi. Kongosho "huvimba"; hiyo ni kauli ya kutenda, na haimtaji mkosaji. Mtu akisema dawa "huvimbisha" kongosho, ametumia kauli ya kutendesha, na mofimu moja tu, "-ish-", imebeba shtaka zima la usababisho ambalo watafiti huhitaji miaka mingi kulithibitisha. Mofimu hiyo inaifaa didanosini. Haijaifaa finasteridi.

Zana ya pili ni viambishi vya wakati na hali. Kiambishi "hu-" hueleza mazoea au kanuni: jua huchomoza mashariki. Mfasiri anayechukua taarifa ya mgonjwa mmoja na kuiandika kwa "hu-", kwamba dawa "huleta maumivu ya tumbo", ameigeuza sadfa kuwa kanuni. Taarifa hiyohiyo ingeweza kuandikwa kwamba maumivu ya tumbo "yamewahi kuripotiwa na baadhi ya watumiaji". Ni sentensi ndefu kidogo, lakini ni ya kweli.

Zana ya tatu ni ngazi ya vitenzi vyenyewe. Katika ngazi ya chini kuna "kuripotiwa", maana yake mtu alisema. Ya pili ni "kuhusishwa na", maana yake mambo mawili yameonekana pamoja mara nyingi kuliko inavyotarajiwa. Ya tatu ni "kuongeza uwezekano wa", ambayo inadai kwamba uhusiano huo umebaki hata baada ya kutenga umri, pombe na dawa nyingine. Ya juu ni "kusababisha". Mwandishi anapaswa kupanda ngazi hii kwa kadiri ushahidi unavyomruhusu, bila ya kuruka kipago. Vilevile, inafaa kutumia "uwezekano" pale idadi inapozungumziwa, na kuliacha neno "hatari" kwa yale ambayo kweli yanahitaji mtu akimbie.

Suala hili si la urembo wa lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa hiyo kikamilifu. Habari za dawa zikiandikwa kwa Kiswahili kinachochanganya ngazi, haki hiyo itakuwa imetimizwa kwa jina tu. Mzee atasoma "husababisha", ataacha dawa kimyakimya, na miezi michache baadaye atapelekwa hospitalini usiku akiwa amefungika mkojo. Hakuna atakayeandika katika cheti chake kwamba kilichomuumiza ni kitenzi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba finasteridi ina manufaa yaliyopimwa na madhara yanayojulikana, na kwamba kuvimba kwa kongosho hakujathibitishwa kuwa miongoni mwa madhara hayo. Vijiwe vya nyongo na pombe ndivyo vya kuulizwa kwanza. Kwa mgonjwa, mwongozo ni mfupi: asiache dawa bila ya kuzungumza na daktari au mfamasia wake, na akipata maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya mgongoni, afike hospitalini mara moja na ataje dawa zote anazotumia, za dukani na za mitishamba. Daktari akishuku dawa yoyote, yeye ndiye atakayeamua iondolewe au la.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kazi iliyopo ni kuzitafiti karatasi za dawa kwa bidii ileile inayotumiwa kuuchambua utenzi au riwaya, na kupendekeza kwa wataalamu wa afya msamiati wa ngazi unaoeleweka na umma. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Lugha inayoweza kusema methali hiyo kwa maneno machache haiwezi kushindwa kumweleza mzee kwamba dawa yake imeshukiwa, ila haijapatikana na hatia.